Embe Uani, Kichupa Mezani

Watu wengi wakisikia neno utamaduni, fikra zao hukimbilia kwenye ngoma, vinyago, mavazi na mashairi. Sisi tunaoandika haya tumetumia sehemu kubwa ya umri wetu kutunga mashairi, wala hatuna nia ya kuvidharau vitu hivyo. Lakini twasema kwamba utamaduni wa taifa hauanzii uwanjani penye ngoma. Waanzia jikoni, na kabla ya jikoni waanzia mapajani pa mama, siku ile mtoto anapofumbua kinywa kupokea chakula chake cha kwanza baada ya ziwa. Chakula hicho kimetoka wapi? Kimeandaliwa na mkono wa nani? Kinaitwa kwa jina gani? Taifa lisiloweza kuyajibu maswali haya matatu kwa kinywa kipana limekwisha kupoteza kitu kikubwa, hata kama ngoma zake zinapigwa kila sikukuu.

Tunaandika kwa sababu ya jambo tuliloliona kwa macho yetu. Mwezi wa Desemba, miaka michache iliyopita, tulikwenda Muheza kumjulia hali ndugu yetu. Ulikuwa msimu wa maembe. Mwembe wa dodo ulioko nyuma ya nyumba yake ulikuwa umezaa hata matawi yakainama, na chini yake maembe yaliyoanguka usiku yalikuwa yakidonolewa na kuku. Ndani ya nyumba, juu ya meza, tulikuta kichupa cha kioo, kidogo kama ngumi, chenye picha ya mtoto wa Kizungu anayecheka. Ndani yake mlikuwa na embe lililopondwa. Embe hilo lilikuwa limetoka ng'ambo, likapita baharini na bandarini, likapanda basi, likanunuliwa mjini Tanga kwa fedha ambayo ingetosha kununua maembe ya kulisha watoto wa mtaa mzima. Binti wa ndugu yetu, aliyekuja kwao kupumzika na mwanawe wa miezi saba, alitwambia kwa adabu: "Baba mdogo, haya ya dukani ndiyo salama kwa mtoto. Hayo ya nje ni ya watu wazima."

Tulikichukua kichupa tukakisoma. Maelezo yake yalikuwa kwa lugha mbili, zote za kigeni, na kwa herufi ndogo mno. Yalisema kwamba kikisha kufunguliwa kiwekwe ndani ya jokofu na kimalizwe kwa siku mbili. Nyumba ile haikuwa na jokofu, na kichupa kilikuwa na siku ya nne tangu kifunguliwe. Kila mlo kijiko kilitoka kinywani mwa mtoto kikarejea kichupani. Binti yetu amesoma hadi kidato cha nne, na lau angetulia angeweza kuyafahamu maelezo yale. Lakini hakuona haja, maana picha ya mtoto anayecheka ilikuwa imekwisha kumwambia yote aliyotaka kuyasikia.

Usiku ule mtoto aliharisha. Kulipopambazuka tulimpeleka zahanati, akapewa dawa ya kurudisha maji na chumvi mwilini pamoja na vidonge vya zinki, na baada ya siku tatu akachangamka. Mganga aliuliza anakula nini. Alipoonyeshwa kichupa alisema kwa upole kwamba chakula kilichokaa wazi siku nne katika joto la pwani ni hatari kwa mtoto, kiwe kimetoka Ulaya au kimetoka hapa. Tulirudi nyumbani tukapita chini ya mwembe ule ule. Hatukusema neno. Lakini tangu siku hiyo tumekuwa tukilitafuta neno la kusema, na makala haya ndiyo neno lenyewe.

Jambo la kwanza tunalotaka kulikanusha ni dai kwamba kumpondea mtoto matunda ni maarifa mapya yaliyokuja na vichupa. Lugha yetu yenyewe inashuhudia kinyume cha hayo. Kiswahili kina kitenzi "kuseta", yaani kuponda kitu hadi kiwe laini, na kutokana nacho twapata "mseto". Kina "rojo", kitu kizito kisicho maji wala kigumu. Kina "kulikiza", neno la heshima la kumwachisha mtoto ziwa. Kina "ubwabwa", wali uliopikwa hadi ukalainika kwa ajili ya mtoto mdogo. Na mtu mzima anayejigamba kabla ya wakati wake huambiwa kwamba ubwabwa wa shingo haujamtoka. Je, watu wasiojua kuandaa chakula cha mtoto wangewezaje kutunga msemo kama huo? Kule Uchagani mtori wa ndizi hupikwa ukapondwa kwa ajili ya mama aliyejifungua. Basi neno tunalo, na kazi yenyewe tunayo. Leo hii vijana wetu wa mjini wanatamka "pyuree" kwa kujivuna, kana kwamba rojo la papai ni kitu kingine. Sisi twapendekeza kwamba jambo hili liitwe kwa jina lake: rojo la matunda. Mtoto akilishwa rojo la matunda na mama yake akajua analiita nini, wameshiba wote wawili.

Jambo la pili ni historia ya vichupa vyenyewe, ambayo wauzaji wa huku kwetu hawaisimulii. Mwaka 1927, katika mji mdogo wa Fremont, jimbo la Michigan nchini Marekani, mama mmoja aitwaye Dorothy Gerber alikuwa akimchujia mwanawe mchanga mboga kwa mikono yake jikoni. Kazi ikamchosha. Mumewe alikuwa na kiwanda cha kusindika mboga na matunda katika makopo, naye akamwomba kiwanda kiifanye kazi ile. Mwaka 1928 makopo ya kwanza yakatoka, na njegere zilizochujwa zilikuwa miongoni mwake. Tuyatazame vizuri masimulizi haya, maana kampuni yenyewe ndiyo iliyoyaeneza kwa fahari. Kiwanda kilijifunza kwa nani? Kilijifunza kwa mama na chujio lake. Mkono wa mama ndio asili, na kopo ndilo mwigo. Leo mwigo umevuka bahari, ukaja kumwambia mama wa Muheza kwamba mkono wake haufai!

Hatuwalaumu watu wa Fremont. Kwao baridi ni kali, na miezi mingi ya mwaka hakuna tunda mtini. Kuhifadhi chakula katika kopo kulikuwa na maana kubwa. Lakini sisi tuna papai mwaka mzima. Tuna ndizi mwaka mzima. Maembe yakiisha pwani kuna maparachichi Rungwe na Njombe. Machungwa ya Muheza yakipungua kuna mapera karibu kila kijiji. Mtu anayenunua embe la kopo chini ya mwembe ni sawa na mtu anayenunua maji ya chupa huku amesimama ndani ya chemchemi.

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Biashara ya chakula cha watoto wachanga imejitembeza kwa muda mrefu, na dunia imekwisha kuiona miguu yake. Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilichapisha kijitabu kilichoshutumu jinsi maziwa ya unga yalivyokuwa yakitangazwa katika nchi maskini. Kikundi kimoja cha Uswisi kikakitoa kwa Kijerumani kwa jina kali lililoitaja kampuni ya Nestlé, nayo kampuni ikakishitaki. Mwaka 1976 mahakama ya Bern iliwatoza washitakiwa faini ndogo ya faranga 300 kila mmoja kwa ajili ya jina lile la kijitabu. Lakini hakimu huyo huyo aliiasa kampuni iziangalie upya njia zake za kujitangaza. Mwezi Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha Kanuni ya Kimataifa ya kudhibiti uuzaji wa vyakula vinavyochukua nafasi ya maziwa ya mama. Nchi 118 ziliunga mkono, 3 hazikupiga kura upande wowote, na nchi moja tu ikapinga. Nchi hiyo ilikuwa Marekani.

Msomaji aweza kutwambia: hayo yalikuwa ya maziwa, ninyi mnazungumza matunda. Ni kweli. Lakini njia ni ile ile. Kwanza mama hutiwa shaka juu ya kile alicho nacho. Kisha huuziwa kile asicho nacho. Zamani shaka ilitiwa juu ya ziwa lake, na leo inatiwa juu ya embe lake. Na usalama unaohubiriwa hauko daima ndani ya kifuko. Mwishoni mwa mwaka 2023 huko Marekani kwenyewe, vifuko vya rojo la tufaha na mdalasini vilivyotengenezwa kwa ajili ya watoto viligunduliwa kuwa na madini ya risasi, na mamia ya watoto yakathibitishwa au kushukiwa kuathirika. Chanzo kilikuwa mdalasini uliochafuliwa. Mwaka 2024 mashirika ya Public Eye na IBFAN yalitoa taarifa iliyoonyesha kwamba uji wa kopo wa kampuni moja ya Uswisi, wa watoto wa miezi sita, uliuzwa kwao bila sukari ya kuongezwa, ilhali kule Senegal na Afrika Kusini uji wa aina hiyo hiyo ulikuwa na gramu 6 za sukari katika kila mlo. Mtoto wao hapewi sukari, wetu anapewa. Tunaomba msomaji alifikirie jambo hili polepole.

Sasa mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hatutakuwa waaminifu tukilipiga kopo mawe na kuzisamehe kasoro za nyumbani kwetu. Wako bibi zetu waliomtia mtoto uji mwepesi kinywani akiwa na miezi miwili, kwa sababu tu alilia sana. Wako waliomtafunia mtoto chakula kwanza, nasi leo twajua kwamba mate ya mtu mzima huweza kupitisha maradhi. Wako wanaomlambisha mtoto mchanga asali, na asali haifai kabisa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, maana yaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa hatari ambao tumbo la mtoto halijapata nguvu ya kupambana nao. Wako wanaotia sukari katika papai lililo tamu tayari. Mila si msahafu. Kazi ya taifa linalojitambua ni kuipepeta mila kama mama anavyopepeta mchele: kilicho chembe kibaki, kilicho pumba kiende na upepo.

Basi kilicho chembe ni kipi? Tukieleze kwa ufasaha, ili mwanafunzi atakayesoma hapa aweze kwenda kumweleza dada yake nyumbani. Miezi sita ya mwanzo mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji wala tunda. Akitimiza miezi sita, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena, na hasa akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo huwa imepungua. Hapo ndipo chakula cha nyongeza kinapoanza, huku akiendelea kunyonya hadi atimize miaka miwili au zaidi. Wakati huo huwa anaweza kukishikilia kichwa chake, anakaa akiegemezwa, na macho yake yanafuata tonge la kila mtu.

Mama anaanza kwa kunawa mikono kwa sabuni, kisha anaosha tunda kwa maji safi kabla ya kulimenya, kwa sababu kisu hupitisha uchafu wa ganda hadi ndani. Papai lililoiva halihitaji kupikwa: huondolewa mbegu, hukatwa, na kupondwa kwa uma au mwiko katika bakuli safi. Ndizi mbivu ni rahisi kuliko zote. Parachichi hupondwa vivyo hivyo, nalo lina mafuta yanayompa mtoto nguvu. Embe lenye nyuzi hupondwa kisha likapitishwa katika chujio. Pera huchemshwa kwa maji kidogo hadi lilainike, kisha huchujwa ili mbegu zibaki. Rojo lisiwe maji. Kijiko kikiinamishwa lidondoke taratibu, lisimwagike. Likiwa zito mno, hulegezwa kwa maziwa ya mama yaliyokamuliwa au kwa maji yaliyochemshwa yakapoa.

Siku za mwanzo vijiko viwili au vitatu kwa mlo vyatosha, mara mbili au tatu kwa siku. Kisha kiasi kiongezwe pole pole kufikia nusu kikombe. Chakula kipya kiletwe kimoja kimoja, kwa siku kadhaa, ili kikimdhuru mtoto mama ajue ni kipi. Sukari isitiwe, chumvi isitiwe. Rojo litengenezwe la mlo mmoja, lilishwe mara tu likisha kupondwa, na kilichobaki katika bakuli la mtoto kisiwekwe. Hapa ndipo palipo na ubora wa nyumbani ambao kichupa hakiwezi kuushinda: mama mwenye papai hana haja ya jokofu. Papai ni jokofu la nafsi yake. Ganda lake hulitunza hadi saa ya kuliwa.

Tena tuseme wazi, asije mtu akatusingizia: matunda peke yake hayamkuzi mtoto. Embe na papai vina asili ya vitamini A, inayolinda macho na kuupa mwili nguvu ya kushindana na maradhi. Machungwa na mapera yana vitamini C, inayousaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani. Lakini mtoto anahitaji pia uji mzito, maharage yaliyopondwa, dagaa waliosagwa, yai lililoiva vizuri, karanga zilizosagwa zikawa laini. Tunda linafungua mlango, na vyakula vingine vyote lazima viingie. Hata uji wenyewe taifa hili liliwahi kuufikiria kwa akili zake. Katika miaka ya 1980 wataalamu wetu waliieneza habari ya kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa, ambao kijiko chake kimoja huulegeza uji mzito bila kuuongeza maji, hivyo mtoto akameza chakula kingi katika tumbo dogo. Kimea hicho bibi zetu walikijua kwa kutengenezea pombe. Wataalamu walichukua ujuzi wa mtungi wakauleta kwenye bakuli la mtoto. Huo ndio utamaduni unaoishi!

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1973 sheria ya Bunge iliunda taasisi yetu ya chakula na lishe, na mwaka huo huo kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya wazee wetu mbele ya redio vijijini. Mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai". Sisi tulikuwa watoto wadogo, lakini tunaikumbuka redio ile ya mbao na watu wazima walioizunguka wakijadiliana kama wanafunzi. Hawakuambiwa wanunue kitu. Waliambiwa watazame walichokuwa nacho shambani na wakitumie kwa maarifa. Leo redio zipo nyingi kuliko zamani, lakini mara nyingi tunachokisikia ni mtu akitwambia tununue.

Na matokeo yake? Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Hayo ni maendeleo, maana miaka ya 1990 walikaribia nusu. Lakini mikoa iliyoongoza kwa udumavu ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, na huko Iringa waliodumaa walikuwa zaidi ya nusu. Hii ndiyo mikoa ya mahindi, maharage na viazi. Njombe ni nchi ya maparachichi. Yanachumwa, yanapangwa katika maboksi, yanapelekwa ng'ambo, nayo fedha yake ni halali na inajenga nyumba. Lakini parachichi linalolainisha kinywa cha mtoto wa Ulaya lilipita mbele ya mlango wa mtoto wa Njombe, na yeye hakupewa. Hakunyimwa kwa uchoyo. Alinyimwa kwa kuwa hakuna aliyekaa na mama yake akamwambia kwamba hiki nacho ni chakula cha mtoto, na kwa kuwa mama huyo alikuwa shambani tangu alfajiri.

Hapa tumefika mahali ambapo kalamu yetu inakuwa nzito. Ni rahisi kwa mtunga mashairi kuketi barazani na kuwakemea akina mama. Wengi wamefanya hivyo, na tenzi zao zimesifiwa. Lakini nani anamfanya mama aokote kichupa? Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84. Mtoto anatakiwa anyonye peke yake miezi sita, yaani siku kama 180. Kati ya 84 na 180 kuna pengo la zaidi ya miezi mitatu, na ndani ya pengo hilo ndimo mwenye duka alimojenga kibanda chake. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mama kutoka kwenda kunyonyesha kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Ni sheria njema. Swali ni nani anaitekeleza.

Sisi wenyewe hatukuitekeleza. Tulipokuwa tukisimamia kitengo katika ofisi moja, kijana wa kike mwenye mtoto wa miezi mitano alikuja kuomba saa zake mbili. Hatukumkatalia, maana tuliijua sheria. Tulifanya vibaya zaidi: tulikunja uso. Tulimwuliza kazi zake atamwachia nani. Tulitazama saa ya ukutani kila alipoondoka. Baada ya juma mbili aliacha kuomba, na baadaye tulisikia kwamba mtoto analelewa na binti wa kazi kwa vyakula vya kopo. Jioni zile zile tulikuwa tukitunga mashairi ya kumsifu mama wa Kiafrika. Tunalisema jambo hili hadharani kwa sababu kijana yule hakupewa nafasi ya kulisema.

Kwa hiyo mtu asilitumie neno letu kumpiga mama. Baba asiyejua papai lake linapondwaje hana haki ya kumlaumu mkewe kwa kopo. Kuseta ndizi hakuhitaji ziwa. Kunahitaji mikono miwili na bakuli, na baba anavyo vyote. Tumewasikia wanaume wakisema kwamba kazi ya jikoni si utamaduni wetu sisi wanaume. Tunawauliza: tai shingoni ni utamaduni wenu? Mpira wa miguu ni utamaduni wenu? Mbona hivyo mmevipokea bila kuulizana?

Hatuna lazima ya kumaliza bila kupendekeza, maana lawama isiyo na pendekezo ni kelele. Kwa walimu twasema: somo la lishe lisibaki ubaoni. Shule yenye mpapai mmoja na bakuli moja yaweza kuwafundisha wavulana na wasichana, wote pamoja, jinsi ya kuandaa rojo la mtoto wa miezi sita. Miongoni mwao wako watakaokuwa wazazi kabla ya miaka kumi kupita. Kila shule ipande mipapai, kwani huzaa ndani ya mwaka mmoja au zaidi kidogo, na mwanafunzi aliyeupanda kidato cha kwanza ataula kabla hajaondoka. Kwa wenye mamlaka ya biashara twasema: chakula chochote cha mtoto kinachouzwa katika nchi hii kiandikwe maelezo yake kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, tena onyo litangulie picha. Kwa wakuu wa ofisi, wenzetu, twasema: mkunjue nyuso zenu. Saa mbili za mama zinalirudia taifa kwa mtu mzima mwenye akili timamu.

Na kwa wanafunzi twasema hivi. Mkisikia kwamba kitu ni bora kwa sababu kimetoka mbali, ulizeni kimetoka kwa nani na kinakwenda kwa faida ya nani. Usiache mbachao kwa msala upitao. Msidhani kujitegemea ni neno la hotuba za zamani lililokufa pamoja na waliolisema. Kujitegemea ni papai, kisu safi, mikono iliyonawiwa, na mtu anayejua kwa nini anafanya anachokifanya.

Binti yetu wa Muheza mwanawe amekwisha kuanza shule. Mwaka jana alijifungua wa pili, nasi tukaenda tena kumtazama. Kichupa kilikuwa bado juu ya meza, kile kile, picha imechubuka, kimeoshwa na kutiwa chumvi ya kupikia. Uani mumewe alikuwa amechutama, bakuli mapajani, uma mkononi, akiponda embe huku akituomba radhi kwa kutotusalimu kwa mkono. Tulimwambia aendelee na kazi yake. Beti hili tulilitunga tukiwa tunarudi, nalo ni zawadi yetu kwao:

Embe lililo uani, mama hilo lakutosha,
Lichume liwe chanoni, maji safi kuliosha,
Liponde mwako jikoni, mwana upate mlisha,
Cha dukani, cha kigeni, kesho hicho kitakwisha.